Umehamia Dar es Salaam: kutoka leseni hadi kadi ya gari yenye jina lako

Mtu akihamia Dar es Salaam kutoka nje, awe Mtanzania anayerudi nyumbani au mgeni aliyekuja kikazi, kinachomaliza uvumilivu wake mapema ni usafiri. Wiki mbili za foleni ya Mwenge na kupatana bei na bodaboda zinatosha kumpeleka yadi ya magari akiwa na pesa tayari. Asubiri kidogo. Hapa leseni, gari, bima na kodi vimetundikwa kwenye msumari mmoja: jina lako kama lilivyoandikwa NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) na TRA (mamlaka ya mapato). Msumari ukilegea, unaweza kulipa bei yote ya gari halafu ukakaa nalo miezi likiwa bado kwa jina la mtu mwingine.

Namba mbili kabla ya yote

Ya kwanza ni namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Mtanzania anayo au anaiomba. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi huomba kitambulisho cha mgeni mkaazi. Kadi yenyewe inaweza kuchelewa, lakini namba ikishatoka inatosha kuendelea.

Hapo hapo linganisha herufi kwa herufi: pasipoti, leseni ya nje na NIDA. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya mfumo. Aliyeolewa nje akachukua jina la mume kwenye pasipoti huku NIDA ikibaki na jina la baba yake, naye atakwama. Rekebisha sasa, kwa hati ya kubadili jina au kiapo kadiri utakavyoelekezwa, kwa sababu kosa hili likishaingia kwenye namba ya mlipakodi (TIN) litahamia kwenye leseni, kisha kwenye kadi ya gari, na kulifuta huko ni kazi mara tatu.

Ya pili ni TIN, namba ya mlipakodi. Inatolewa na TRA bila malipo na huombwa mtandaoni kwa namba ya NIDA. Ukijaza, chagua TIN isiyo ya biashara ikiwa unaitaka kwa ajili ya leseni na gari tu. Wengi hujazisha fomu kwa kijana wa duka la steshenari, naye huweka alama kwenye biashara. Mwaka unaofuata mwenye TIN anaambiwa alete ritani (taarifa za kodi) za biashara ambayo hajawahi kuwa nayo.

Leseni

Kama leseni yako ya nje bado hai, usiiache iishe muda ukiwa hapa. Leseni hai ni ushahidi kwamba unajua kuendesha. Iliyokwisha inaweza kukurudisha darasani.

Kibali cha kimataifa cha kuendesha kinasaidia siku za mwanzo, ila kielewe kilivyo. Ni tafsiri ya leseni yako, hakisimami peke yake, na kile cha mkataba wa 1949 kina uhai wa mwaka mmoja. Kinatolewa nchi ulikopata leseni, kwa hiyo kichukue kabla ya kupanda ndege. Kimekusudiwa mgeni anayepita. Mkaazi achukue leseni ya Tanzania, na utaratibu wake ni huu:

1. Tafsirisha leseni ya nje kwa Kiswahili au Kiingereza kama imeandikwa kwa lugha nyingine. Anayetoka Uturuki au China asiliruke hili.
2. Nenda ofisi ya Polisi Usalama Barabarani ya mkoa wako wa kipolisi, Ilala, Kinondoni au Temeke, ukiwa na leseni halisi, pasipoti, kibali cha ukaazi kama ni mgeni, NIDA na TIN. Leseni itahakikiwa, na uwe tayari kujaribiwa kwa alama za barabarani na kuendesha.
3. Ukifaulu, polisi wanathibitisha umahiri wako na daraja unalostahili.
4. Omba leseni TRA, pata namba ya malipo, lipa benki au kwa simu, kisha fika ofisini kwa picha, alama za vidole na sahihi. Ada ni shilingi 70,000, na leseni inadumu miaka 5.

Anayeanza kabisa anapita njia ndefu zaidi. Anachukua leseni ya kujifunzia, shilingi 10,000 kwa miezi 3, anasoma kwenye chuo cha udereva kinachotambuliwa, anapata cheti, ndipo anaingia kwenye jaribio la polisi. Atakayekuahidi leseni bila chuo wala jaribio anakuuzia tatizo. Siku ya ajali kubwa, kampuni ya bima itataka kujua leseni hiyo ilipatikanaje.

Kwenye daraja, soma fomu kabla ya kusaini. Gari dogo binafsi ni B au D. Madaraja ya C, yaani C, C1, C2 na C3, ni ya magari ya abiria. Ukipanga gari lifanye teksi ya mtandaoni jioni, daraja la binafsi halikutoshi, na gari lenyewe linahitaji kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kubadilishiwa matumizi.

Aliyezoea kuendesha upande wa kulia, kama Marekani, Ulaya bara au nchi za Ghuba, apange saa kadhaa na mwalimu hata kama ana miaka 20 barabarani. Kwenye barabara iliyojaa magari hutakosea, kwa sababu unamfuata aliye mbele. Kosa linakuja unapotoka kituo cha mafuta saa 5 usiku, au unapokata kulia kwenye mtaa mtupu wa Mikocheni: mkono unarudi kwenye mazoea yake. Kingine ni bodaboda. Hapa zinapita kushoto na kulia kwa wakati mmoja, hivyo angalia vioo vyote viwili kabla ya kuugusa usukani.

Kuagiza Japani au kununua hapa

Swali hili linaamuliwa na hesabu ya kodi. Gari lililotumika linaloingia nchini hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25 ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandarini. Unafuata ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: sifuri hadi cc 1000, asilimia 5 kwa cc 1001 hadi 2000, asilimia 10 juu ya hapo. Kisha unakuja ushuru wa uchakavu kwa magari madogo ya abiria: asilimia 15 gari likifika miaka 8, na asilimia 30 likipita 10. Juu ya mrundikano huo wote inakaa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18.

Tuchukue gari la cc 1500 ambalo TRA imelikadiria thamani ya shilingi 10,000,000. Forodha ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 unapigwa kwenye 12,500,000, unapata 625,000. Likiwa limepita miaka 10, uchakavu ni 3,750,000. VAT inapigwa kwenye 16,875,000, unapata 3,037,500. Jumla 9,912,500, karibu sawa na bei ya gari lenyewe, kabla hujagusa tozo ya reli, ada ya asilimia 0.6 ya uchakataji wa forodha, usajili, bandari na wakala. Gari la thamani hiyo hiyo lenye umri chini ya miaka 8 lingelipiwa 5,487,500. Tofauti ni 4,425,000. Kwa hiyo gari la zamani la bei chee Japani linaweza kukugharimu zaidi likishafika kuliko lililo jipya kidogo.

Neno la kushika hapo ni "TRA imelikadiria thamani". Mamlaka ina mfumo wake wa kukadiria magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko wazi mtandaoni. Ukinunua kwa bei nafuu kuliko makadirio, kodi itafuata makadirio. Pitia kikokotoo kabla ya kutuma dola hata moja, ukiweka aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa na injini sahihi. Toyota IST ipo ya cc 1300 na ya cc 1500, na muuzaji asiye makini huandika yoyote.

Anayehamisha makazi ana mlango mwingine. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inatoa msamaha wa ushuru wa forodha kwa gari moja ambalo mhamiaji alilimiliki na kulitumia nje kwa miezi 12 au zaidi kabla ya kuhama, akiwa ametimiza miaka 18. Gari liingie ndani ya siku 90 tangu ulipofika. Kamishna anaweza kuongeza muda, usizidi siku 360. Maombi mengi hukwama kwenye ushahidi: kadi ya usajili wa nje yenye jina lako, bima ya miezi yote 12, na pasipoti inayoonyesha kweli ulikuwa unaishi huko. Gari lililonunuliwa miezi 4 kabla ya safari halihesabiki, hata liwe lako kwa haki zote. Na ukiliuza baadaye kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa.

Ukiagiza, tafuta wakala wa forodha mwenye leseni kabla meli haijaondoka. Atahitaji hati ya shehena, ankara, cheti cha Japani cha kufuta usajili, TIN yako na nyaraka za ukaguzi wa TBS, shirika la viwango. Hati halisi zikichelewa kufika, gari linakaa bandarini na gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabu siku za bure zikiisha. Hapo ndipo bajeti nyingi hupasuka. Weka akiba ya kando, na mwambie muuzaji atume hati kwa kampuni ya vifurushi inayofuatilika.

Kununua mkononi mwa mtu

Dar gari hutajwa kwa herufi ya namba yake: "namba D", "namba E". Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Gari la mwaka 2005 lililoingia juzi lina namba mpya kuliko la 2012 lililoingia zamani. Namba mpya maana yake limepigwa na mashimo yetu kwa muda mfupi zaidi, na hilo lina thamani yake, lakini umri wa gari usome kwenye kadi. Namba za njano ni za gari binafsi, nyeupe ni za biashara. Ukiona tundu mbili za skrubu na kivuli cha kibao kingine nyuma ya ile ya njano, uliza lilikuwa likifanya kazi gani. Gari lenye namba za Zanzibar lina kodi zake za kumalizia kabla ya kusajiliwa Bara, na anayekuambia "hiyo ni ndogo tu" mwambie ailipe yeye kwanza.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe. Shika boneti, kama ni ya moto, kuna kitu hakutaka ukione kikiwa baridi. Enda na fundi uliyemtafuta mwenyewe, umlipe wewe, na asiwe amependekezwa na dalali.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili. Utelezi mweupe kama maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Fungua rejeta: unatakiwa kuona kuulanti yenye rangi. Maji ya kahawia yenye kutu yanasema gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, na kwa joto la Dar na foleni ya saa mbili, injini ya namna hiyo imeshachemka au iko njiani kuchemka. Sasa mwombe fundi atazame mambo mawili ambayo mafundi wa mitaani hufanya kuficha kuchemka: themosta (kidhibiti cha joto la injini) imeondolewa, au feni imeunganishwa moja kwa moja izunguke muda wote. Dalili ya la kwanza ni mshale wa joto kutopanda katikati hata baada ya kuendesha dakika 20. Gari la hivyo hunywa mafuta kupita kiasi. La pili utalisikia: feni inaanza papo hapo unapowasha, injini ikiwa bado baridi na AC imezimwa.

Liwashe, tazama moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha baada ya injini kupata moto ni maji. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi huu hutibika kwa gharama ndogo.

Gia boksi inastahili muda kuliko kitu kingine, kwa kuwa ndiyo inayokula pesa. Ukikanyaga breki, hamisha kutoka P kwenda R, kisha D. Gari likichelewa zaidi ya sekunde mbili kushika, au likirusha mshtuko, achana nalo. Kwenye magari yenye CVT (gia otomatiki isiyo na hatua), kama Nissan nyingi zilizopo mjini, panda mlima mrefu. Mngurumo unaopanda huku mwendo hauongezeki ni dalili mbaya. Uliza imewekewa oili gani. CVT inataka oili yake, na kuna mafundi wanaomimina ATF, oili ya gia otomatiki ya kawaida. Boksi hufa polepole, miezi kadhaa baada ya kuuzwa. Kwa Subaru zenye mkanda wa taimingi, uliza ulibadilishwa lini. Ukikatika, vali na pistoni hugongana.

Kisha mafuriko. Kila masika ya nguvu magari huzama Jangwani na mabonde mengine, hukaushwa na kurudi sokoni yaking'aa. Inua zulia chini ya kiti cha dereva, toa taili la akiba ulitazame shimo lake, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Tope kavu, kutu kwenye reli za viti au harufu ya uvundo iliyofunikwa na pafyumu vinatosha kukuondoa. Kutu ya umeme huanza kudai pesa baadaye na haiishi.

Lililopiga mzinga, yaani lililopata ajali, hujulikana kwa nafasi zisizolingana kati ya boneti na mabawa, na boliti za bawa zilizochubuka rangi. Matairi yana tarakimu nne pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kilomita kwenye dashibodi zisikuamulie chochote. Hurudishwa kwa urahisi. Pedali ya breki iliyolika na usukani uliolainika vinasema ukweli zaidi.

Bolijointi, bushi, shokapu na tairodi zisikutishe. Hizo ni mali za kawaida, zinapatikana Gerezani na Ilala siku hiyo hiyo. Ziandike, piga hesabu, shusha bei.

Karatasi

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi kuliko kwenye injini, na mara nyingi ni watu waangalifu kabisa waliokagua gari hadi uvunguni.

Omba kadi halisi. Nakala haitoshi, na ripoti ya polisi kwamba kadi imepotea ni sababu ya kusimamisha kila kitu. Kadi ya gari ni dhamana ya mkopo, na wakopeshaji wengi huishikilia hadi deni liishe. Aliyekopa anaweza kuripoti kupotea, akapata nyingine au akakuuzia kwa maneno, na mkopeshaji, ambaye mara nyingi ameficha kifaa cha kufuatilia ndani ya gari, akaja kulichukua nyumbani kwako usiku. Kadi yenye jina la benki pamoja na la mtu inahitaji barua ya benki kwamba deni limeisha.

Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini kwenye chuma na kwenye kadi, kwa macho yako. Injini iliyobadilishwa bila kusajiliwa itakusumbua siku ya uhamisho. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na NIDA yake uione. "Ni la shemeji, yuko safarini" haliuziki mpaka shemeji aonekane au wakala wake alete hati ya uwakilishi ya kisheria. Mwenye gari akiwa amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama familia nzima imekubali. Muuzaji aliye kwenye ndoa, mwenza wake asaini ridhaa.

Madeni yanafuata namba ya gari, hayamfuati dereva. Ingiza namba kwenye mfumo wa polisi wa TMS uone faini, na kwenye mfumo wa TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) uone deni la maegesho. Faini moja ni shilingi 30,000, na gari lililozungushwa mjini kwa uzembe linaweza kuwa nazo nyingi. Muuzaji alipe mbele yako au mkate kwenye bei. Deni la lile lililoitwa "road license" usitishwe nalo kwa magari ya leo: ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Kulipa na kuhamisha

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, uwe na chesisi, namba ya injini, bei, tarehe na saa ya kukabidhi. Saa ina maana yake: faini ya saa 4 asubuhi ni ya muuzaji, ya saa 8 mchana ni yako. Lipa benki kwenye akaunti yenye jina lile lile la kadi. Dalali mlipe chake kando, mlichopatana kabla, na bei ya gari isipite mikononi mwake.

Uhamisho fanyeni siku hiyo au ya pili yake, wakati muuzaji bado anapokea simu. Mnawasilisha TRA mkataba, kadi, TIN na NIDA za pande zote mbili. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada ya uhamisho shilingi 50,000, na kadi mpya shilingi 50,000. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili stempu ipungue ni hasara iliyojificha: gari likigundulika kuwa la wizi au biashara ikivunjika, mkataba utakurudishia kile tu kilichoandikwa.

Kabla ya kuwasha na kuondoka

Bima ya lazima ni ya kulinda watu wengine. Kwa gari binafsi ni shilingi 100,000, na VAT inaifikisha 118,000. Bima kubwa huwa karibu asilimia 3.5 ya thamani ya gari kabla ya VAT, na kwa gari la miaka ya karibuni inafaa. Ikishatolewa, hakiki namba ya stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ukiwa bado umesimama mbele ya wakala, maana stika bandia zipo. Bima ya muuzaji usiitegemee. Mkataba wake ulikuwa na yeye.

Weka ndani pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto ulio hai, jeki na spana ya magurudumu, na nakala ya kadi. Kadi halisi ibaki nyumbani. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye kamera hupenda kusimama pale barabara inapokunjuka na mguu kujisahau. Askari akiwa anaongoza makutano, mkono wake unashinda taa, hata taa iwe kijani kibichi. Njia ya mwendokasi usiikanyage, hata foleni ya Barabara ya Morogoro iwe imesimama tangu Magomeni. Na mbele ya kivuko cha pundamilia simama kabisa mtu anapovuka. Kupunguza mwendo hakutoshi.

Oili, chujio, kuulanti na oili ya gia boksi badilisha wiki ya kwanza, hata muuzaji akiapa alibadilisha jana, na andika kilomita za siku hiyo kwenye karatasi ndani ya boneti.